Profesa Method Agawa Mji

Method alikuwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni alipoona fahali akipigwa picha ya pasipoti.

Fahali mwenyewe alikuwa mweupe, pembe zake pana kuliko mlango, amesimamishwa mbele ya lile pazia la buluu la studio ya Dorice, nyuma ya stesheni ya Mpanda. Dorice, mwenye studio, alikuwa akimbembeleza atazame mbele na asitafune pazia. Nyuma ya fahali palikuwa na foleni. Mwalimu mstaafu amekumbatia rundo la karatasi kama kichanga cha juzi. Mama mmoja ana bahasha kifuani. Mzee kavaa suti ya harusi yake, na harusi yenyewe watu wameshaisahau. Mwisho kabisa mtu na kikapu cha matunda.

Method akatema povu, akafuta mdomo.

"Nyie, kuna nini hapa? Ng'ombe anasafiri nje ya nchi?"

"Huyu ndiye mhusika mkuu," alisema mwenye fahali, pande la mtu kutoka Kasansa, jina lake Machibya. "Riwaya yangu inamhusu yeye. Nimetembea naye toka jana. Redio imesema tutume picha."

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni moja ya vitabu ya Dar es Salaam ilikuwa imetangaza redioni kwamba inatafuta riwaya mpya. Mshindi angechapiwa kitabu chake na kupewa bajaji isiyowahi kukaliwa na mtu. Lakini msitume kitabu, alisema mtangazaji kwa sauti yake ya asali, tumeni kwanza pichi yake, fupi, ya pumzi moja, na zile nzuri tutazisoma hewani. Nusu ya Mpanda ilisikia "picha", ikaja kwa Dorice. Wale wenye ndugu huko juu Sumbawanga walisikia "pichi" vizuri kabisa, ila wanavyojua wao pichi ni tunda, na ndiyo maana ya kile kikapu.

Method alikuwa mtoto wa Dar, ulimi wake umepakwa mafuta tangu utotoni. Alifika Mpanda kuuza viwanja vyenye mandhari ya maji. Biashara ikafa siku mteja wa kwanza alipokwenda kuona kiwanja chake akakikuta kimelaliwa na viboko. Tangu hapo alikuwa anaishi gesti kwa kumpa mwenye gesti matumaini. Sasa alitazama foleni ile, akahisi ule mwasho wa viganja unaompata mtu wa aina yake akiona watu wengi wanataka kitu wasichokijua.

"Jamani!" alipaza sauti, ameinua mswaki juu kama askofu na fimbo yake. "Mmempata mtu. Pichi si picha, wala si tunda. Pichi ni maneno. Ni yale maneno machache yanayomfanya mwenye kampuni aache chai yake ipoe. Mimi ni Profesa Method. Nimepichi Dar, nimepichi Nairobi. Na huyo ng'ombe mpelekeni akanywe maji."

Jioni yake Dorice alimkodisha ile nyumba ya uani nyuma ya studio, yenye ua wa matete, kwa ahadi kwamba naye atapichiwa bure. Mlangoni ukabandikwa ubao: KLINIKI YA PICHI. MGONJWA NI KITABU CHAKO.

Wa kwanza kulazwa alikuwa Machibya.

"Kaa, mzee wangu," alisema Method, akampa njiti ya kiberiti. "Iwashe. Uishike. Uniambie kitabu chako kabla moto haujafika vidoleni. Mwenye kampuni ana uvumilivu wa njiti moja tu."

Machibya akawasha, akakohoa, akajiweka sawa. "Hapo zamani, katika kijiji cha Kasansa, tarafa ya Mpimbwe, mkono wa kushoto ukitokea Kibaoni, alikuwepo babu yake na huyu fahali, naye babu huyo alikuwa na madoa, na madoa hayo... aaaiii!"

"Umeona? Mwenye kampuni kalala, wewe umeungua, na fahali hajazaliwa."

"Sasa nifanyeje, Profesa?"

Hapa tuseme haki ya mtu: alichokisema Method kilikuwa kweli tupu. Tapeli mzuri hapendi kutia uongo mahali ambapo ukweli unatosha.

"Maswali manne. Nani? Anataka nini? Nani anamzuia? Akikosa, anapoteza nini? Ukishajibu, nyamaza. Usijisifu kwamba kitabu ni kizuri, hata anayeuza samaki waliooza anasema wazuri. Na mwisho usiutaje! Ukiutaja mwisho, nani atafungua kitabu? Sikiliza." Akawasha njiti yake. "Fahali mmoja alitaka kurudi nyumbani, mtu mmoja akamzuia, na asiporudi, ukoo mzima utapotea." Akaipuliza, vidole salama.

Midomo ya Machibya ilirudia maneno yale. Machozi yakamtoka, makubwa kama yeye.

"Ndicho hicho," alisema. "Miaka yote naandika, sikujua kama ndicho hicho."

"Sasa nenda nacho kimya. Pichi ikisikiwa na mtu wa pili inakatika kama maziwa. Hata mkeo usimwambie."

Malipo? Mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yameingia na pesa zilikuwa bado zimelala ghalani kwa umbo la mpunga, basi Method alipokea chochote chenye uzito au chenye mabawa. Machibya alileta majogoo na gunia la mchele wa Kibaoni. Wengine wakaleta asali kwenye ndoo, karanga, bata, mbuzi mwenye hasira. Uani pakawa hapapitiki. Profesa alilala na kuku wanne kitandani, na mmoja wao alikuwa anakoroma.

Na kila aliyeingia klinikini alitoka na machozi, vidole vimeungua na pichi yake mkononi. Mama wa bahasha alipata: "Binti mmoja alitaka kurudi nyumbani, mtu mmoja akamzuia, na asiporudi, ukoo mzima utapotea." Mwalimu mstaafu alipata ile ile, ila ni mwalimu anayerudi shuleni. Mwenyekiti wa mtaa, bwana Onesphore, alikuja kwa mlango wa nyuma amevaa kofia ya kumficha, na kila mtu akamwamkia kwa jina. Yeye alipata: "Mwenyekiti mmoja alitaka kurudi madarakani, mtu mmoja akamzuia, na asiporudi, mtaa mzima utapotea."

"Umeniona roho, Profesa," alisema Onesphore, ananyonya kidole gumba.

Jambo moja tu lilimnyima Method raha. Pichi zikianza kusomwa redioni, watu watasikia sentensi moja inarudi nyumbani kama kundi la ng'ombe. Ilibidi aondoke na shehena yake kwa treni ya Tabora kabla ya siku hiyo. Akamtia maneno mtu wa stesheni, akaahidiwa nafasi kwenye behewa la mizigo, kuku kwa mbuzi. Akatangaza kwamba siku ya treni, saa za mchana, kutakuwa na mahafali ya kliniki, kila mhitimu aje na zawadi ya kumshukuru mwalimu. Alitaka kuondoka na unyoya wa mwisho.

Siku moja kabla ya mahafali akaingia bibi mmoja kutoka Katumba. Kanga yake ya kichwani ilikuwa imefungwa vizuri, mdomoni meno mawili matatu ya ukumbusho, mkononi hana kitu. Aliitwa Médiatrice, ila watu wote walimwita Nyogokuru, kwa Kirundi cha huko Katumba, yaani bibi.

"Shikamoo, Bibi. Kuku yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kuku sina. Nina swali. Mtu asiye na kitabu anaruhusiwa pichi?"

Method akapiga miayo. "Anaruhusiwa. Uza kwanza, andika baadaye. Mjini wote tunafanya hivyo."

"Eee!" alisema Nyogokuru, amefurahi kama mtu aliyeonyeshwa njia fupi ya kisimani. "Basi nipe hicho kinjiti."

Akakiwasha. Vidole vyake vilikuwa vimegeuza vitumbua miaka yote, moto haukuwa mgeni navyo.

"Mwanamume mmoja alikuwa na mji wake, umejaa," alianza, polepole. "Hakulewa, hakurogwa, hakuna aliyemshikia fimbo. Siku moja, mchana kweupe, akaugawa wote kwa bibi asiyemjua, kwa mdomo wake mwenyewe, tena akimharakisha apokee." Moto ukafika vidoleni, ukazimikia pale pale. "Kwa nini?"

Method alifungua mdomo kumwambia aende zake. Yakatoka mengine.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ndiyo pichi yangu."

"Naelewa, Bibi. Lakini kwa nini? Alikuwa chifu?"

"Mtu tu."

"Akapenda? Huyo bibi alimpumbaza kwa mapenzi?"

"Mwanangu, huyo bibi hana meno."

"Vita? Alikimbia vita?"

"Amani tupu. Kuku wanalia."

"Basi aliota!"

"Yuko macho kabisa." Nyogokuru akasimama, akajikung'uta. "Mwisho wake nitausema kesho mahafalini. Kitendawili hakipendezi kikiteguliwa chumbani, kinataka watu. Wewe si umesema mwisho usitajwe?"

Akaenda. Method hakula chakula cha mchana. Alijaribu kuhesabu kuku, akajikuta anawauliza. Mtu ana mji mzima, barabara zake, soko lake, taa zake, anaugawa? Tena anaharakisha? Hii, alijua kabisa, ndiyo pichi yenyewe, ile ya bajaji. Zile nyingine zote alizouza zilikuwa ng'ombe mmoja kavalishwa suruali tofauti. Hii angeipeleka kwa jina lake: Profesa Method, mtunzi. Kilichokosekana ni mwisho tu. Mwandishi hawezi kuiba kitabu ambacho hajui kinaishaje, hiyo ni aibu hata kwa mwizi.

Siku ya mahafali ua ulijaa. Wahitimu walivaa nguo za kanisani na za Iddi, wameketi kwenye mabenchi ya Dorice kati ya magunia, bata wakipita miguuni. Machibya alikuja na fahali, amemfunga utepe. Mwenyekiti Onesphore aliketi mbele kama mgeni rasmi, mikono imefichwa mfukoni. Mkokoteni wa kwenda stesheni ulikuwa unangoja nje, na treni ilishaanza kupiga honi za kuita abiria.

Method alihutubia haraka haraka, akasifu vipaji, akapokea zawadi, macho yake yote kwa Nyogokuru. Mwisho akashindwa kujizuia.

"Bibi yetu wa Katumba ana neno. Bibi, karibu. Ule mwisho."

Nyogokuru akasimama, akakunja kanga. "Kitendawili!"

"Tega!" ua mzima ukaitika, kuku wakaruka.

Akakitega tena vile vile: mwanamume, mji umejaa, hakulewa, hakurogwa, hakushikiwa fimbo, kaugawa kwa bibi, anaharakisha. Kwa nini? Watu wakajaribu. Mwalimu akasema ni kodi. Machibya akasema ni malaria, ilishampanda kichwani. Dorice akasema mwanamume huyo alikuwa mume wake wa kwanza. Kila jibu Nyogokuru alitikisa kichwa.

"Profesa ndiye mwalimu. Ategue."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Nimeshindwa, Bibi! Sema!"

"Umeshindwa? Nipe mji."

Watu wakacheka kwa raha. Nani asiyejua? Aliyeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji, mtegaji huuchukua, anajitapa kidogo, ndipo anatoa jibu. Method mwenyewe alicheza hivyo akiwa mdogo, alishagawa Tanga na Mombasa kwa siku moja.

"Chukua Kibaoni!"

"Kibaoni nina shemeji, hatusalimiani."

"Haya, Kasansa!"

"Kasansa ya kwetu usiiguse!" alinguruma Machibya.

"Kakese!"

"Kakese nimeshapewa na wajukuu, mara nyingi. Nimechoka nako."

Honi tena. Mwenye mkokoteni akachungulia mlangoni: "Bosi, treni haikungoji wewe!"

"Basi chukua huu huu, Bibi!"

"Huu tuliomo?"

"Huu huu tuliomo! Wote!"

"Na vilivyomo?"

"Na vilivyomo, na atakayebisha ni mchawi! Pokea, Bibi, pokea upesi, nachelewa! Sema jibu!"

Nyogokuru akapokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea mtoto. "Nimeupata mji, nimeingia, nimekaribishwa, nimekula kuku wake, nimelamba asali yake, mbuzi wake kanipiga pembe nimemsamehe. Na jibu, mwanangu, umelitoa wewe mwenyewe. Mtu yule aliugawa mji wake kwa sababu alishindwa kitendawili."

Mwalimu akapiga paja, na kicheko kikazunguka ua mara mbili. Method naye akacheka. Kilikuwa kizuri, lo, kizuri kweli, na bajaji aliiona inakuja. Akamwita mwenye mkokoteni: "Anza na magunia."

"Aanze na magunia ya nani?" aliuliza Nyogokuru.

"Yangu, Bibi. Mchezo umekwisha."

"Mwenyekiti," Nyogokuru akageuka taratibu, "mimi mtu mzima nimepewa mji mbele ya watu. Nieleze, kwetu huku mji ni nini?"

Hapo ndipo Method alipoteleza, na hakuna aliyemmwagia maji. Kwake yeye, mtoto wa Dar, mji ni Mpanda, ni Mombasa, ni mahali penye taa na polisi, kitu ambacho ukikigawa hakuna anayekibeba. Hakuwahi kukaa bara kiasi cha kusikia watu wanavyosema.

Onesphore alisimama, akasahau kutoa mikono mfukoni, ikabidi asimame upya. "Mji," alisema, kwa sauti ya kikao, "kwa huku kwetu, ni makazi ya mtu. Ua wake na kilichomo uani."

"Na mifugo," Machibya aliongeza. "Mji bila mifugo ni uchochoro."

"Nyumba ni yangu mimi!" Dorice aliruka. "Yeye kapanga tu!"

"Imeandikwa moyoni," alisema Mwenyekiti. "Nyumba inabaki kwa Dorice. Vilivyomo vinahamia kwa Nyogokuru. Aliyetoa alitoa kwa hiari, hajalewa, hajashikiwa fimbo..." Akasita. Alikuwa amelisikia neno lile mahali, dakika chache tu zilizopita.

"Nyie!" Method alipaza sauti, jasho linamtiririka. "Hivi vitu mimi nimeletewa! Vina wenyewe, na wenyewe wamekaa hapa! Machibya, si majogoo wako wale? Mwalimu, bata? Semeni basi!"

Na kweli, wakisema tu, mambo yangevurugika. Lakini fikiria mwenyewe. Anayesema "yule jogoo ni wangu" ataulizwa alimtoa kwa ajili gani, ataambiwa aisome hiyo pichi, na kila mmoja aliapa kwamba yake ni ya pekee duniani na kwamba kuisema ni kuiharibu. Machibya akatazama angani. Mwalimu akamtazama bata kama hawajawahi kukutana. Mama wa bahasha akaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini.

"Hakuna mwenye madai," alisema Onesphore upesi kuliko mtu yeyote, maana ile ndoo kubwa ya asali ilitoka kwake.

Nyogokuru hakuwa mtu wa kula peke yake. Alivua kanga ya kichwani akaifunga kiunoni, akaagiza sufuria, na mji wake mpya ukachinjwa, ukapikwa, ukapakuliwa pale pale. Kila mtu alikula kuku wake mwenyewe, akimsifu bila kumtaja. Wali ulikuwa wa moto, na ungeangalia sinia ungewajua wahitimu wote wa kliniki: ni wale waliokuwa wanapuliza vidole kila wakimega tonge. Mwenyekiti alipopuliza chake, Mwalimu alikiona. Mwalimu alipopuliza chake, Machibya alikiona. Walitazamana muda mrefu, wakaendelea kula.

Treni, kwa honi zake zote, ilikuwa bado inapakia mizigo; Method akaipanda na mkoba aliokuja nao na unyoya mmoja uliomganda begani. Aliketi dirishani, akajifariji: amepoteza kuku, sawa, lakini mwisho wa hadithi anao kichwani. Pichi anayo, jibu analo. Dar kuna bajaji inamngoja.

Abiria wa mbele yake alikuwa na redio ndogo mapajani. Ile sauti ya asali ikatoka.

"...na pichi iliyotukosesha usingizi hapa studio, tuliipokea wiki iliyopita kutoka kwa Bibi Médiatrice wa Katumba. Mwanamume mmoja alikuwa na mji wake, umejaa. Hakulewa, hakurogwa..."

Wiki iliyopita! Method alisimama, akagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo. Wiki iliyopita mbuzi hata hajaletwa!

Dirishani pakagongwa. Nyogokuru alikuwa amesimama jukwaani, anahema kidogo, ameshika kifurushi cha jani la mgomba kinachotoa mvuke.

"Paja la jogoo, la njiani. Na usinune, mwanangu. Ubao wako niliusoma siku ile ile ulipoubandika, nikipita na vitumbua vyangu, na sauti yako inavuka ua: uza kwanza, andika baadaye. Nami nikauza. Ila nilikuwa sijajua inaishaje, ndiyo nikaja kwako." Akampapasa mkono. "Jina lako kitabuni, nikuandike Profesa, au Method tu?"

Treni ikavuta kabla hajajibu. Ua wa matete ukapita, moshi wa jikoni bado unapanda, fahali mweupe na utepe wake ametazama mbele vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Mwenye redio akaipunguza sauti, akamtazama jirani yake mwenye unyoya begani na paja la kuku mkononi, akaona si adabu kukaa kimya mpaka Tabora.

"Habari za safari, kaka? Mji wako ni wapi?"

Method aliling'ata lile paja. Lilikuwa tamu, hilo hakuweza kulikana.

"Sina," alisema. "Nimeugawa."